Mashine Namba Nne

Eulalie Nsimire alikuwa na tabia ambayo wanafunzi wake waliichekea chinichini: kila alipoingia katika chumba, kabla ya kusalimia mtu, alitafuta kwa macho mlango wa pili uko wapi. Chumba cha mashine katika chuo alichofundisha, juu ya mteremko wa Ndendere, hakikuwa na mlango wa pili. Kilikuwa na madirisha manne yenye nondo, mashine kumi na mbili za kompyuta juu ya meza mbili ndefu, na mlango mmoja wa chuma. Alikwisha kulalamika kwa wakubwa wa chuo, wakamwambia nondo zile ziliwekwa kwa sababu ya wezi.

"Mwizi anaingia, anatoka," aliwajibu. "Mi naongea juu ya wenye watakuwa ndani."

Walicheka. Mama wa watoto watatu, walisema, anaona moto hata kwenye maji.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Yeye na bwana wake Gaston, dereva wa lori, walikuwa watu wa Nyantende, na nyumba yao ilikuwa Cimpunda. Kabla ya kuwa mwalimu, Eulalie alikaa miaka kumi na moja katika kijumba cha mbao pale Nyawera, akipiga chapa kazi za mwisho za wanafunzi wa vyuo vya mji mzima. Alipiga chapa malaria, sheria za ardhi, maziwa ya mbuzi, historia ya misioni. Mikono ilijifunza kwanza, kichwa kikafuata. Alipofika miaka thelathini na nne akajiandikisha mwenyewe, akakaa benchi moja na watoto waliomwita maman, na alipomaliza wakamweka kuwa assistant, mwalimu msaidizi. Alipewa somo la informatique, la kompyuta, kwa mwaka wa kwanza. Baadaye, wiki ile watu wenye silaha walipoingia mjini na mzee aliyefundisha uandishi akavuka mpaka na wajukuu wake, wakampa na somo la uandishi.

Somo la kwanza la informatique lilikuwa lilelile kila mwaka. Alisimama mbele yao akauliza: mashine inaweka kumbukumbu yake wapi? Wote, bila kukosa, walinyoosha kidole kwenye kioo. Hapo alipiga magoti kwenye saruji, akaingia chini ya meza, akagonga lile sanduku jeusi la chini mpaka lilie. Iko humu, alisema akiwa chini. Kile kioo ni uso tu. Mtu akikwambia amevunja kioo chako, mwambie pole, kazi yako ingali hai. Walicheka kumwona mama mzima akitoka chini ya meza na vumbi magotini, na ndiyo maana hawakulisahau.

Katika uandishi pia alikuwa na njia yake. Zoezi kubwa aliliita ukurasa wa macho. Kila mwanafunzi aliandika ukurasa mmoja juu ya jambo aliloliona mwenyewe: wapi, saa ngapi, nani alikuwapo, alivaa nini. Kusikia kwa watu kulikatwa alama. Na juu ya ukurasa iandikwe jina lote, la ukoo na la ubatizo, kisha avenue na namba ya nyumba. Hiyo ya majina aliitoa Nyawera. Siku moja upepo ulipeperusha kazi mbili kwenye matope, akazikusanya vibaya, na kijana mmoja akaenda kujitetea mbele ya maprofesa watatu na sura nzima ya mbuzi katikati ya malaria yake. Tangu siku hiyo hakuna karatasi iliyopita mikononi mwake bila jina. Karatasi bila jina, aliwaambia, ni ya kufungia karanga.

Kurasa zilizomfurahisha alizipiga chapa yeye mwenyewe, na majina ya walioziandika juu, katika faili moja aliyoiita Kurasa Nzuri, ndani ya mashine namba nne, ili awasomee wa mwaka unaofuata. Mashine zote zilikuwa na namba, zimeandikwa kwa kalamu nene kwenye utepe mwekundu chini ya kioo. M1, M2, mpaka M12. Hata hizo namba alizibandika yeye.

Mwezi wa tano akapokea ukurasa wa Charlène, msichana wa miaka kumi na tisa aliyekaa mstari wa nyuma na kuongea kidogo. Charlène aliandika juu ya Jumanne moja, saa moja na dakika ishirini asubuhi, mbele ya kibanda cha mjomba wake mshona viatu, kule Kadutu. Jeep ilisimama. Aliandika namba zake. Alishuka mtu mwenye kovu la moto kutoka sikio la kushoto mpaka kwenye ukosi, kitambaa chekundu kwenye mkono, na wenzake walimwita Tango. Alitaka ufunguo wa pikipiki. Mjomba alisema, "Unipatie dakika, niitafute." Tango hakumpa hiyo dakika. Charlène alihesabu risasi tatu. Aliandika kwamba ya tatu ilipigwa baada ya mjomba kuanguka, na kwamba kiatu cha mteja kilibaki mkononi mwake, nusu kimeshonwa.

Eulalie aliusoma akiwa amekaa jikoni kwake, akausoma tena. Kisha, kama mwalimu, akaona kwamba hapakuwa na neno moja la kukata. Akampa kumi na saba juu ya ishirini. Kesho yake, Mungu amsamehe, akaupiga chapa ndani ya M4.

Jambo moja kila mtu mjini alilijua: wakubwa wa wale wenye silaha walikuwa wamesimama uwanjani na kutangaza kwamba askari wao yeyote atakayemwibia raia atapigwa risasi. Kwa hiyo ukurasa ule uliweza kumuua Tango. Na kwa hiyo Tango aliweza kumuua aliyeuandika. Eulalie alilijua hilo kama wote, lakini hakuliweka pamoja na ule ukurasa. Aliona kazi nzuri tu.

Aliyeutoa nje alikuwa Jacques, chef de promotion, yaani kiongozi wa darasa, mvulana mrefu mwenye maneno mengi na moyo mwepesi. Aliuona kwenye kioo cha M4 wakati wa mazoezi, ukamshika, akaupiga picha kwa simu na kuutuma katika kundi la darasa. Alikuwa na akili ya kuacha jina la Charlène nje ya picha. Lakini chini, pembeni, ule utepe mwekundu wa M4 ulionekana wazi, na yeyote aliyepita chuoni pale angeutambua.

Siku tatu baadaye, saa kumi na mbili asubuhi, simu ya Eulalie ilitetema. Alikuwa mwalimu mwenzake, Hervé. Aliandika mstari mmoja: M4 yako inatembea kwenye masimu ya Kadutu nzima, na wenye hawapashwi kuiona wameiona.

Kwanza alizichoma karatasi. Aliziingiza zote chini ya sufuria ya maharage, rundo la kurasa za promotion nzima, huku binti yake akimtazama bila kuuliza. Kisha akafunga kitambaa kichwani na kushuka Kadutu kwa miguu, karibu anakimbia, mpaka kwa akina Charlène. Msichana alikuwa anasafisha meno uani.

"Vaa viatu," Eulalie alimwambia. "Usibebe sac ya madaftari. Unaenda kwa shangazi yako Mumosho, kama mutu anaenda kuchukua mihogo."

"Madame, niko na interro leo."

"Interro ni yangu. Nimekupatia point zote. Enda."

Mama yake Charlène alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Alielewa kabla ya kuelezwa. Alivua sweta yake akamvisha binti, akamfunga vifungo mpaka shingoni kama mtoto wa chekechea, na msichana akaondoka kwa njia ya nyuma, na povu la dawa ya meno bado kwenye kidevu.

Ikabaki M4.

Alifika chuoni saa mbili kasoro. Umeme wa mji ulikuwapo. Aliwasha mashine, akafuta Kurasa Nzuri, akamwaga na kapu la takataka. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyefundisha somo la sita. Ukifuta kitu, mashine inaondoa jina lake kwenye orodha tu. Ni kama kung'oa namba ya nyumba na wapangaji bado wamelala ndani. Kitu kinabaki palepale mpaka uandike kingine juu yake. Kwa hiyo alianza kuijaza mashine kwa video za kwaya ya parokia, moja baada ya nyingine, ndefu na nzito, azikandamize juu ya ule ukurasa. Ya kwanza haikuisha. Umeme ulikatika.

Alikwenda kwa Papa Télesphore, mlinzi wa groupe, ile mashine ya mafuta iliyowapa umeme wa akiba. Alimwomba aiwashe sasa hivi.

"Maman Eulalie, ordre unaijua. Groupe inawaka wakati watoto wamekaa. Nikiiwasha kwa viti tupu, kesho njo mi nitakaa bila kazi."

"Ni kwa dakika makumi tatu tu, papa."

"Saa ine. Wakikaa tu, ninavuta kamba."

Alikaa kwenye ngazi. Darasa lilikuwa saa nne. Kulibomoa sanduku lenyewe, mali ya chuo, hakukumjia akilini. Aliweza kuwarudisha wanafunzi nyumbani, mmoja mmoja, pale pale getini. Wazo hilo lilimjia, akalitazama vizuri. Lakini bila wanafunzi hakuna groupe, na bila groupe jina la Charlène linabaki limelala ndani ya M4, na avenue yake, na namba ya nyumba ambamo mama yake alibaki na mwiko. Dakika thelathini. Akawaacha waingie. Alikuja kulirudia wazo hilo mara nyingi maishani mwake, kila mara kwenye ngazi ileile.

Saa nne kamili walikuwa thelathini na wanane. Groupe ilikohoa, taa zikawaka. Aliwapa zoezi la kupiga chapa, akakaa kwenye M4 akaanzisha kwaya yake. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye kioo. Robo. Theluthi. Ulikuwa umekaribia nusu aliposikia viatu vizito kwenye ngazi, na sauti ya Papa Télesphore ikisema hapana, hapana, baba, hapana.

Wakamsukuma mzee kwanza. Aliingia kwa magoti, sikio likivuja damu. Nyuma yake waliingia watu wanane wenye bunduki, na wa mwisho kati yao Eulalie alimtambua bila kuwa amemwona hata siku moja. Kovu kutoka sikioni mpaka kwenye ukosi. Kitambaa chekundu. Charlène alikuwa ameandika vizuri kupita alama kumi na saba.

Tango alifunga mlango kwa kisigino. Alinyanyua simu yenye ile picha.

"M4 njo iko wapi?"

Hapakuwa na haja ya kujibu. Utepe ulikuwa unaonekana.

"Nani aliandika hii?"

Groupe ilinguruma nje. Tango aliuliza chef wa darasa ni nani, na kabla ya yeyote kumtazama, Jacques alisimama mwenyewe, kama alivyozoea kusimama kila profesa alipoingia. Tango alimuuliza mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida. Jacques alisema hajui. Askari mmoja akampiga kitako cha bunduki mdomoni, na meno yakaanguka juu ya herufi za mashine, yakilia kama mahindi yanayomwagwa. Wasichana waliingia chini ya meza. Tango aliuliza mara ya pili. Jacques alitema damu, akatikisa kichwa. Askari akampiga tena, safari hii kwenye mbavu, akaanguka juu ya kiti na kiti kikavunjika.

"Ni mutoto wa watu," Eulalie alisema. "Mi njo mwalimu. Uniulize mi."

Tango alimpiga kofi bila kumtazama, kofi la mtu anayefukuza nzi, na sikio lake likajaa mlio.

"Nimekuuliza mara mbili," alimwambia Jacques. "Nani aliandika?"

Jacques alikuwa ameshika ukingo wa meza akijaribu kusimama tena. Mdomo haukuweza kufunga. Alisema neno, na wote waliokuwa karibu walilisikia, ijapokuwa halikuwa na meno.

"Sijue."

Tango alimpiga risasi mbili kifuani. Katika chumba kile cha saruji mlio ulipiga watu wote kama gogo. Jacques alikaa chini polepole, mgongo ukiteleza kwenye ukuta na kuacha alama pana, na mkono wake mmoja ukabaki umeshika waya wa mashine namba saba. Damu ilitoka nyingi na kwa haraka, ikafuata mteremko wa sakafu mpaka chini ya meza walikojificha wenzake, na wao, wakiogopa kusogea, wakaiacha iwaloweshe.

Tango alifungua mlango akaita mtu aliyekuwa amebaki nje.

Aliyeingia alikuwa Delphin.

Eulalie alimfundisha miaka miwili iliyopita. Kati ya wote aliowafundisha, huyo tu aliweza kupiga chapa kwa vidole kumi bila kutazama chini. Katika somo la sita yeye ndiye aliyeuliza, na kama mtu anataka kukiamsha kile kilichofutwa? Na yeye Eulalie alifurahi kwa swali lile, akamwonyesha programu ndogo inayoamsha. Kisha kijana alipotea. Wengine walisema yuko kwenye machimbo ya dhahabu, Mwenga. Sasa alikuwa na viatu vipya vya jeshi na flash disk shingoni. Alipomwona Jacques alisimama kidogo, akaruka ile damu.

"Bonjour, madame."

Delphin alikaa kwenye M4, akausimamisha ule mstari wa kijani.

"Umefuta," alisema taratibu.

"Nilisafisha machine."

"Madame. Wewe njo ulitufundisha."

Alichomeka flash yake. Vidole vilikimbia. Eulalie alisimama kando yake, kama alivyosimama kando yake siku zile, na aliona orodha ikipanda kwenye kioo, majina ya mafaili yaliyokufa, kila moja herufi ya kwanza imeliwa. Aliomba kwaya iwe imekwisha kukaa juu ya lile la Kurasa Nzuri. Haikuwa imekaa. Delphin aliligusa na likafunguka, na mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza ulikuwa jina lote la Charlène, la ukoo na la ubatizo, avenue, namba ya nyumba. Kama alivyowafundisha.

Delphin alilisoma, midomo ikitembea. Akageuza shingo kuelekea mlangoni alikosimama Tango. Akafungua mdomo.

Chini ya kioo kulikuwa na régulateur, lile sanduku la chuma linalozuia umeme usiruke, zito kama sufuria ya msiba iliyojaa. Eulalie alilinyanyua, waya zake zikiburuta, akalishusha kwenye mkono wa kulia wa Delphin, uliokuwa umetulia juu ya herufi. Alisikia mifupa. Alilishusha tena mahali palepale, kwenye vidole alivyovifundisha mwenyewe kimoja kimoja, na mara ya tatu akaligongesha kwenye kioo, na kioo kikapasuka na kuzimika.

Yaliyofuata aliyakumbuka vipandevipande. Kitako cha bunduki shingoni. Saruji. Kiatu tumboni, kiatu mgongoni, ladha ya damu na vumbi la chaki. Mtu alimvuta kwa nywele mpaka kwenye meza. Tango alimshika mkono wa kulia akaulaza kwenye ukingo, akaunyoosha vizuri, akampa askari ishara. Mara ya kwanza alipiga kelele. Mara ya pili na ya tatu hakujua tena kelele zile ni za nani.

Akiwa sakafuni alimsikia Tango akimuuliza Delphin.

"Uliona jina?"

Delphin alikuwa amekaa chini, mkono ameubana katikati ya magoti, uso rangi ya majivu.

"Ilivunjika mbele nisome, sikuona jina."

Tango alitukana. Aliwaambia watu wake waibebe ile machine yote, wataifungulia huko mbele. Askari wawili waling'oa waya za kioo. Mmoja alibeba kioo kilichopasuka, amekikumbatia kama mtu anayebeba mbuzi, mwingine akabeba ubao wa herufi. Chini ya meza, nusu mita kutoka uso wa Eulalie, lile sanduku jeusi lilikuwa bado linapumua, taa yake ndogo ya kijani inawaka. Delphin aliliangalia. Kisha akamwangalia Eulalie aliyekuwa na shavu sakafuni, na wote wawili walijua kila mmoja anaangalia nini.

"Ni hii tu?" askari mwenye kioo alimuuliza.

"Njo hii," Delphin alisema. "Njo yote."

Walitoka. Jeep iliwaka. Kwa muda mrefu hakuna aliyetoka chini ya meza.

Jacques walimbeba juu ya ubao wa meza waliyoing'oa miguu, wavulana sita, mpaka kwao, kwa sababu hospitalini wangemrudisha tu. Papa Télesphore na sikio lake linalovuja alifungua sanduku la M4 kwa bisibisi ya groupe. Eulalie alimwonyesha kwa mkono wa kushoto kile kisahani cha chuma cha ndani ni kipi. Mzee alikiweka kwenye jiwe akakipiga nyundo mpaka kikawa vigae, na vigae wakavitupa kwenye choo cha shimo.

Siku tano Eulalie alikaa nyumbani kwake akisikiliza barabara. Delphin alikuwa amelisoma lile jina. Aliweza kulisema wakati wowote. Gaston alipofunga mlango kwa nguvu, aliruka. Siku ya sita shangazi wa Mumosho alituma ujumbe kwamba mihogo imefika, na imekwisha kuvuka. Mama yake Charlène naye alikuwa amehamia kwa dada yake, bila mtu kumgonga mlango hata mara moja.

Ndipo alipokwenda kwenye matanga ya Jacques, mkono ukiwa ndani ya plasta mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa amejiandaa kumweleza mama yake, Maman Fanny, juu ya ile ngazi, na groupe, na jinsi alivyowaacha waingie. Lakini Maman Fanny alimkalisha karibu yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne chini ya kitenge. Ulikuwa ukurasa wa macho wa Jacques, nakala yake ya kwanza, ile aliyorudishiwa aiandike upya, yenye wino mwekundu wa Eulalie pembeni.

"Mi sisome Kifaransa," alisema. "Wanasema ni juu yangu humu ndani. Unisomee."

Juu kulikuwa na jina lake lote, na avenue, na namba ya nyumba ileile waliyokaa. Jacques aliandika juu ya mama yake akikaanga mikate saa kumi na moja asubuhi: kitambaa chake cha manjano, mafuta yanayomrukia mkononi, na namna anavyouweka wa kwanza pembeni, kila siku, kwa ajili yake yeye. Eulalie alimtafsiria mstari kwa mstari. Alipofika mwisho aliona maneno yake mwenyewe kwa wino mwekundu: Sema zaidi. Hayo hakuyasoma.

Kisha akamweleza juu ya ngazi. Alieleza yote, hakujipunguzia. Maman Fanny alisikiliza huku akiikunja karatasi, mara moja, mara mbili, mara tatu, mara nne.

"Ulitafuta kumuponya mutoto wa mwengine," alisema mwishowe. Kisha akasema, "Usirudie kuja hapa, maman. Ninakuelewa. Lakini usirudie."

Mwezi wa nane alimwona Delphin. Ilikuwa mchana, Nyawera, mbele ya vile vijumba vya kupiga chapa. Hakuwa na viatu vya jeshi tena. Mkono wa kulia ulikuwa umepona vibaya, vidole viwili vimejikunja kama vya kuku. Hakuna aliyeweza kujifanya hajamwona mwenzake.

"Madame."

"Mutoto wangu."

Walisimama. Pikipiki zilipita kati yao na ukuta. Delphin aliutazama mkono wake, akautazama na wa Eulalie, uliokaa ndani ya kitenge kama kitu cha mtu mwingine.

"Siku ile," alisema, "haukuningojea nimalize kusema."

"Ulikuwa unataka kusema nini?"

"Sasa itatusaidia nini?" Alitabasamu upande mmoja. "Charlène alifika?"

Alimtazama machoni. Alitaka kumjibu. Yule kijana alikuwa ameibeba siri ile kwa mifupa iliyovunjika, na alistahili neno moja. Lakini barabara ilikuwa na watu, na yeye alikuwa na watoto watatu.

"Charlène gani?" alisema.

Delphin aliitikia kwa kichwa, kama mwanafunzi aliyepewa alama aliyoitegemea. Akavuka barabara.

Mwaka mpya wa masomo ulipofunguliwa, alirudi darasani. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi mpaka nusu, na kwenye M4 wakubwa walikuwa wameweka kioo kingine na sanduku lingine. Katika uandishi alisema sasa waandike namba tu juu ya ukurasa. Orodha ya majina aliiweka kichwani mwake, sabini na moja, na kila jioni aliirudia kama rozari. Alipiga chapa kwa mkono wa kushoto, polepole.

Asubuhi ya kwanza ya informatique alisimama mbele yao. Walikuwa wageni, wengi wadogo, na nyuma kabisa, karibu na mlango, walikaa wanaume wawili watu wazima ambao hawakuwamo kwenye orodha. Eulalie aliuliza kama kila mwaka mashine inaweka kumbukumbu yake wapi. Wote walinyoosha kidole kwenye kioo. Wale wawili pia.

Alivitazama vile vidole kwa muda. Magoti yalitaka kujikunja yenyewe, kwa mazoea ya miaka.

"Vizuri," alisema. "Tuendelee."